Gari Nyuma ya Chumba cha Mama

Mwanamume aliyekaa ubavuni pa mshona nguo kwenye basi alikuwa amepakata nyundo kubwa mpya, utadhani kapakata mtoto mchanga.

“Gari la spoti la marehemu baba lilikuwa linaoza uani,” alimweleza. “Nimelifufua kwa mikono yangu, sasa linanguruma. Ila tulishajenga pande zote. Halitoki mpaka nibomoe chumba cha mama.”

“Si umhamishe?”

“Ni mgonjwa, dada. Anasema humo atatoka amebebwa.”

Mshona nguo akaikodolea macho ile nyundo. “Kwa hiyo unamngoja mzazi wako afe?”

“Mimi? Juzi aliposikia injini, ni yeye aliyeniuliza kama nyundo nimeshanunua.”

Basi likasimama. Mshona nguo akakunja miguu kumpisha, asijue ampe pole au amnyang'anye nyundo.