Shangazi na Majina Yaliyokwama

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha hifadhidata cha hospitali yetu, Shangazi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Hakuna anayemwita kwa cheo chake. Hata mganga mkuu, aliyemzidi umri, humwita Shangazi, naye huitika.

Alianza kama karani wa mafaili, enzi ambazo kadi za wagonjwa zilifungwa kwa mpira. Kompyuta zilipoingia alipelekwa kozi ya SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, akarudi na sweta la kijani na tabia ya kuvua viatu kila anapofikiri. Ukipita ukaona viatu viko chini ya meza, ulijua usimsemeshe.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni ile programu ya kila asubuhi. Inawapitia wagonjwa wenye kliniki kesho yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayebisha hodi mlango kwa mlango. Inatuma ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa, inaandika kwamba ametumiwa, inakwenda kwa anayefuata, na kuzunguka hivyo mpaka majina yaishe.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Toleo la kwanza likikutana na kosa moja, labda namba ya simu iliyopungua tarakimu, lilisimama palepale, na waliobaki nyuma hawakupata kitu. Shangazi akaliandikia njia ya kulipokea kosa bila kuanguka. Ila hatua ya kwenda kwa jina linalofuata aliiacha ndani ya sehemu ileile inayoweza kukwama. Asubuhi moja fundi cherehani mmoja mzee alitumiwa ujumbe, kuandika kwamba ametumiwa kukashindikana, programu ikalipokea kosa kwa adabu zote, kisha ikarudi mwanzo wa mzunguko ikiwa bado iko kwa fundi yuleyule. Ikamtumia tena. Na tena. Haikupita muda mzee akawa mapokezi, mbele ya meza yangu, simu ikilia mkononi.

"Mwanangu," akaniuliza, "ni nani huku ananipenda kiasi hiki?"

Shangazi alishuka pekupeku kumwomba radhi, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mchana ule aliitoa ile hatua nje, ili programu ikikwama kwa mmoja, bado isonge kwa mwingine.

Baadaye vijana wa kitengo walimshauri makosa yarukwe tu kimyakimya, maana ni machache. Alikubali nusu. "Kuruka ruksa," aliwaambia, "kunyamaza marufuku." Kila jina lililokwama likawa linawekwa kwenye jedwali la pembeni pamoja na sababu yake, na kabla hajagusa kazi nyingine aliwatafutia namba sahihi kwenye mafaili, akawapigia simu wenyewe. Wengine walimweleza habari za wajukuu na mabati yanayovuja. Alisikiliza.

Lakini kuna kosa moja aliloliweka kwa makusudi. Mgonjwa akifariki huku bado ana miadi, ingekuwa rahisi kuandika sharti la mstari mmoja, programu ifute na kupita. Shangazi aliifanya ikatae. Jina la marehemu lilikwama kama namba mbovu, likaangukia kwenye jedwali lake, likangoja mtu wa kuwapigia jamaa zake. Wenzake walinung'unika kwamba anajitafutia kazi. Hakujieleza sana.

Mimi nilielewa juma lile nilipomzika mume wangu, aliyekuwa na miadi ya kliniki ya moyo Alhamisi. Nilirudi kazini mapema kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Shangazi hakunipigia simu. Alishuka, akavuta kiti, akaketi upande wangu wa meza.

"Lile la Alhamisi nimelitoa mimi mwenyewe, kwa mkono," akasema. "Sikutaka mashine ndiyo imtoe."

Kisha akanisaidia kupanga kadi mpaka foleni ikaisha.

Mwezi uliopita, tulipokaa kujadili kuondoka kwake, mkuu wa kitengo alisema kwa upole kwamba hana mtu wa kurithi zile simu. Akapendekeza marehemu wafutwe ndani ya mzunguko wenyewe. Hakuwa na ubaya; watu wake ni wachache na kazi ni nyingi. Shangazi hakubishana. Nikasema nitazipiga mimi, kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa. Mkuu akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia sijui.

Tangu hapo amekuwa akinifundisha. Kusoma jedwali ni rahisi. Kupiga simu ndiyo kazi. Jumatatu jina la kwanza lilikuwa la msichana aliyefariki mwisho wa juma, na aliyepokea ni baba yake. Maneno niliyojiandalia yote yalinipotea. Nilimwambia tu kwamba natoka hospitali, kwamba miadi ya binti yake nimeiondoa mimi, na kwamba nampa pole.  Akauliza kama nilimfahamu binti. Nilimfahamu. Alikuwa akija na kitambaa anachofuma, na kila akimaliza safu alikiinua nikione dirishani. Nikamweleza hayo.

"Hebu rudia," akasema baba, "mama yake asikie."

Nikarudia. Shangazi alikuwa kando yangu muda wote. Nilipoweka simu chini hakunisifu. Alinisogezea jina la pili.

Asante, Shangazi, kwa wote uliowapigia, na kwa yule wangu mmoja. Simu sasa tunazo sisi. Nenda kwa dada yako ukapumzishe macho. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na nyumba yenye watu.