Keki ya Dhahabu

Kibaya chajiuza, kizuri chajitembeza. Ndivyo Mwadi alivyoigeuza methali kichwani mwake ndani ya lori la kutoka kambini, keki yake nyeupe mapajani, huku abiria wote wakiisifu ya mwanamke asiyemjua, iliyong'aa dhahabu tupu. Zote mbili zilikuwa zikienda kwenye arusi moja: upande wa bwana na wa bibi kila mmoja uliagiza yake, na ingekatwa moja tu.

"Citoyenne, hii poudre ya dhahabu ulitoa wapi?" akamuuliza mwenye keki hiyo kwa wivu.

"Kwa fundi wa kupaka misalaba ya makaburi. Kwa kopo banaandika: haina sumu."

"Sumu haina, lakini haiko ya kula! Hata sabuni haiuwe muntu. Weye unakulaka sabuni?"

Lori zima likacheka. Mzee mmoja akakificha kidole alichokuwa karibu kukilamba.

"Iko wivu tu, mama!" mwenye keki akamrushia.

Kabla hajashikwa mkono, Mwadi akavua kitambaa cha kichwani, akaifuta dhahabu yote.

Lori likasimama mbele ya kanisa.

"Omba pardon!" mwenye keki akalia.

"Minyi siombi," akasema Mwadi akishuka. "Hata ingekuwa ya kula, ningeifuta."