Punje Sitini za Mzee Kipyego arap Lelei

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1951, Mzee Kipyego arap Lelei anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Sosiani, hapa Eldoret, kwa miaka thelathini na miezi mitatu. Kamati ya sherehe ilinichagua mimi, Nicanor Khisa, karani wa stoo, kuandika habari zake. Iliniomba niandike kwa ufupi, na watu wacheke kidogo. Kucheka mtacheka. Lakini nina hasira, na sioni kwa nini niifiche.

Mzee aliingia kazini Machi 1921, akitoka kwao Moiben. Aliajiriwa kutengeneza magurudumu ya magari ya ng'ombe, na hakuna aliyemshinda. Walubengo seremala, ambaye hamsifu mtu bila kulazimishwa, anasema gurudumu la Mzee lilikuwa likirudi karakanani pale tu ng'ombe wenyewe wamezeeka.

Mishale ilikuja baadaye. Bwana Hartnell, meneja wetu, alianzisha klabu ya kulenga shabaha kwa upinde pamoja na rafiki zake walowezi. Mishale waliagiza kutoka Ulaya, myembamba, mizuri kwa macho, myepesi kama bua la ngano. Nyinyi mnaujua upepo wa huku kwetu ukishafika saa nane mchana. Mishale ilikuwa ikitoka upindeni vizuri, halafu inapinda njiani na kwenda inakotaka. Ndipo wakamwita Mzee aiongezee uzito. Ajabu ni kwamba sheria ya karakana ilimkataza mfanyakazi yeyote kupita getini na upinde. Mtu aliyekatazwa kubeba upinde wake ndiye aliyetakiwa kuwarekebishia wengine mishale.

Alikuwa na njia zake. Ya kwanza ni kuzungusha waya wa shaba nyuma tu ya kichwa cha mshale, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka mkono uridhike. Ya pili ni kutoboa mti wa mshale kwa mbele na kupigilia msumari ndani. Ya tatu ni kuunga kipande cha mti mgumu upande wa kichwa. Zote zinaweka uzito mbele. Walubengo aliwahi kujifanya mjuaji akaufunga waya nyuma, karibu na manyoya. Mshale ule ulitikisa mkia hewani, ukaacha shabaha, ukatoboa hema la chai na kusimama katikati ya keki. Mpaka leo ukimuuliza Walubengo habari za keki, anakuuliza kama huna kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1927 Bwana Hartnell alipata kitabu cha Kiingereza cha mambo ya mishale. Kitabu kilisema mbele ya mshale paongezwe uzito wa "grain" sitini. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma misheni, kwa hiyo nikaambiwa nimtafsirie Mzee. Nikamwambia punje sitini. Na hapa Uasin Gishu, ukimwambia mtu punje, atafikiria nini kama si mahindi? Hata mimi nilifikiria mahindi. Mzee alihesabu punje sitini za mahindi, akaziweka upande mmoja wa mizani ya stoo, na upande wa pili akaweka shaba mpaka mizani ikalala sawa. Kazi safi kabisa. Kumbe "grain" ya kitabuni ni kipimo cha Kiingereza, na sitini zake hazifikii uzito wa punje kumi na mbili za mahindi yetu.

Siku ya mashindano mshale ulianguka kwenye nyasi, hatua kumi kabla ya shabaha. Wageni walicheka. Bwana Hartnell aliona haya, akageuka na kumwita Mzee mjinga mbele ya wake zao, kisha akaingia ofisini na kuandika kwenye faili la Mzee: hajui vipimo. Jioni ile ile nilikisoma tena kitabu, nikaliona kosa langu. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini na niliogopa kufukuzwa. Huo ndio ukweli, na ni aibu.

Mzee hakulalamika. Aliuchukua ule mshale mzito akaanza kuupunguza, punje moja moja. Akagundua kwamba kichwa kikiwa kizito mti mwembamba unapinda wakati wa kutoka, kwa hiyo akachagua mti mnene zaidi na kuukata mfupi kidogo. Alifika punje kumi na nane, na hapo mshale ukatulia. Mwaka uliofuata upepo ulivuma vile vile na mshale haukujali. Bwana Hartnell alichukua kikombe, akawaambia watu kwamba siri yote ilikuwa kwenye kitabu chake. Kikombe kiko ofisini mpaka leo, na Chepkorir anayesafisha ofisi anakifuta kila Ijumaa. Faili halikufutwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka huu misheni moja kule Moiben ilimtaka Mzee akafundishe vijana useremala. Wakaomba barua kutoka kwetu. Barua ikaandikwa kutoka kwenye faili: mtiifu, ana nguvu, hajui vipimo. Jumatatu iliyopita misheni ikajibu kwamba haiwezi kumpa darasa mwalimu asiyejua vipimo, labda barua nyingine ije kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu aliyepima mishale mpaka punje moja!

Nilikwenda kwa Bwana Hartnell nikamweleza kila kitu. Alisema yaliyoandikwa yameandikwa, na kwamba mzee wa kuchunga ng'ombe hahitaji barua. Nikatoka pale nikaenda kwenye meza ya Mzee, nikamwambia kosa lilikuwa langu. Aliweka randa chini. Nilitegemea aniambie basi, yamepita. Hakuniambia hivyo.

"Miaka ishirini na minne nimebeba kosa lako, Khisa," alisema. "Pole yako sitaki. Andika, na uweke jina lako."

Ndiyo maana mnasoma haya. Nakala ya kwanza ilikwenda misheni leo asubuhi kwa mkono wa Walubengo, ambaye pia ametia saini. Bwana Hartnell hasomi Kiswahili. Atatafuta wa kumtafsiria, na safari hii nashauri apate mtu hodari kuliko mimi. Akinifukuza, anifukuze.

Mzee Kipyego, karakana nzima inakushukuru kwa magurudumu, kwa mishale, na kwa kutuvumilia sisi tusiostahili kuvumiliwa. Uwe na afya njema huko Moiben, wewe na mkeo Mama Jeruto, na mvua isikupite. Msamaha wako siuombi leo. Jina langu hili hapa.

Nicanor Khisa