Ombi la Kumfungulia Mama Rosine Mlango wa Uwanja wa Barafu

Risala ya washangiliaji wa Rosine, iliyosomwa na katibu, Bi Mwanakhamis, katika ukumbi wa Aston, Birmingham, Jumapili tarehe 6 Aprili 2008

Mgeni rasmi, Bwana Inderjit, Meneja wa Uwanja wa Barafu, Mwenyekiti wetu Bwana Abdulnasir, viongozi wa dini zote mbili, wazazi, na nyinyi vijana mliojificha nyuma na simu zenu: pokeeni salamu zetu. Ambao hatukuwataja mtasalimiwa wakati wa chakula.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kula nasi mchana huu, saa chache kabla Rosine hajaichezea timu ya taifa mechi yake ya mwisho. Barua yetu ya mwaliko ilisema tunataka kukupongeza kwa maegesho mapya ya magari. Maegesho ni mazuri. Tutayarudia kama muda utaruhusu.

Tumefarijika zaidi kusikia kwamba ulizaliwa Nakuru na Kiswahili unakielewa, kwa sababu kijana tuliyempanga kutafsiri amesema ana mtihani kesho.

HISTORIA YETU NA YA MCHEZAJI WETU

Sisi ni watu thelathini na wanne kutoka Nechells, Aston, na familia moja iliyohamia Great Barr na kuanza kujisikia. Wengine tumetoka Bukavu na Uvira, wengine Tanga na Unguja. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusimama juu ya barafu. Kilichotuunganisha ni Rosine.

Rosine alifika hapa mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka minane, ameshikwa mkono na mama yake, ambaye sote tunamwita Mama Rosine. Mwaka uliofuata shule ilituma fomu nyumbani. Mama Rosine, ambaye wakati ule Kiingereza chake kilikuwa bado kwenye sanduku, aliona neno moja tu alilolijua, "ice", akalifasiri kwa Kifaransa: glace, ambayo ni barafu na pia ni aiskrimu. Akajua mtoto anapelekwa kula aiskrimu kila Alhamisi. Akasaini kwa furaha.

Baada ya mwezi mmoja akamwita mtoto jikoni.

"Rosine, hiyo glace munakulaka namna gani mpaka unarudi na alama kwa magoti?"

"Mum, hatuli. Tunaichezea."

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba binti ni mchezaji wa hoki ya barafuni, na kwamba mwalimu anasema hajaona mtoto asiyeogopa kuanguka kama yule. Mama Rosine alimpaka dawa magotini siku mbili. Siku ya tatu akamshonea fulana ya sufu ya kuvaa ndani.

MAFANIKIO

Rosine ameichezea timu ya taifa ya wanawake mara arobaini na moja tangu mwaka 2002, akiwa beki. Amefunga mabao matatu. Mtangazaji wako wa uwanjani ameweza kulitamka jina lake sawasawa mara moja, na tunaamini ilikuwa bahati.

Tungependa pia kukiri jambo. Miaka ya mwanzo, Rosine alipotolewa nje na kukalishwa kwenye kile kibanda cha pembeni, sisi tulisimama na kupiga vigelegele. Tulidhani amepewa kiti cha heshima. Tulikuwa tumeona wengine wakikaa humo mara moja moja, lakini wetu alikuwa anaalikwa kila mechi. Kumbe ni kibanda cha adhabu, dakika mbili kwa kila kosa.

TUKIO LA FEBRUARI 2005

Mgeni rasmi, taarifa iliyopo ofisini kwako inasema kwamba mwanamke mmoja "alivamia uwanja na kumshambulia mchezaji namba kumi na saba wa timu ngeni". Sisi tulikuwepo. Tunaomba kueleza.

Ilikuwa kipindi cha tatu. Rosine na namba kumi na saba walikutana kwenye ukuta kwa kishindo kilichosikika mpaka kwenye choo, wakaanguka wote wawili. Namba kumi na saba akawa juu. Rosine akawa chini, na hakusogea.

Mama Rosine alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Bwana Abdulnasir alimshika mkono, akamwambia, "Mama, subiri, daktari anakuja."

Akajibu, "Mutoto yangu iko chini, mi nikae naangalia tu?"

Mlango wa wachezaji ulikuwa wazi. Akapita. Hatua ya kwanza alipiga vizuri. Ya pili hatukuiona, maana viatu vilikwenda upande wake na yeye upande wake, na Mama Rosine akateleza kwa makalio, mkoba umekumbatiwa kifuani, akavuka nusu ya uwanja bila kugusa mtu, akamfikia namba kumi na saba ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajiinua, akamlaza tena, mkoba ukafunguka na sambusa zikamwagika. Akawa amemkalia.

Kufika kulikuwa ajali, Mgeni rasmi. Hilo tunaapa. Kuendelea kukaa, kwa dakika nzima, huku akimwambia refa kwa Kifaransa kwamba haondoki mpaka mwanawe asimame, hatuwezi kusema nako kulikuwa ajali.

Rosine, aliyekuwa amekatika pumzi tu, alifungua macho akasema, "Mum! Umemkalia mtu! Unanidisgrace!"

Mama Rosine akamshukuru Mungu kwa sauti, ndipo akasimama. Au akajaribu. Ilibidi watu wanne wamsukume mpaka mlangoni kama kabati. Wiki iliyofuata barua ikaja: asionekane tena ndani ya uwanja.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni baridi. Ya pili ni hiyo barua.

Kwa miaka mitatu sasa, kila Rosine anapocheza hapa, Mama Rosine huja nasi. Sisi tunaingia. Yeye anabaki nje ya mlango wa vioo. Mlinzi wako, Bwana Gedi, hajavunja amri hata siku moja. Alimwambia tangu mwanzo, "Mama, kuingia huwezi. Lakini kusimama hapo nje hakuna mtu amekataza." Ila Gedi ni mtu wa kuongea. Akawa anaufungua mlango kidogo, anamsimulia mchezo: nani ana kile kisahani cheusi, nani kakosea, kwa nini filimbi imelia. Mama Rosine akaanza kuuliza maswali. Kisha akaazima kitabu cha sheria maktaba, akakisoma kwa kamusi, basi la kwenda kazini na la kurudi. Leo hii yeye ndiye anayetufundisha sisi tuliokuwa ndani.

Na ndivyo alivyogundua. Jioni moja, mwaka jana, alimpigia simu Rosine.

"Siku ile, kwa ukuta. Wanawake hawana ruhusa ya kugongana kwa mwili. Nani alianza kugonga?"

Rosine akaanza kuulizia hali ya hewa.

"Rosine?"

"Mimi, Mum."

"Kwa hiyo yule mutoto wa watu nilimukalia bure?"

"Kabisa, Mum. Bure kabisa."

Mama Rosine hakulala vizuri wiki ile. Akaandika barua kwa namba kumi na saba, Rosine akaitafsiri, ikapelekwa kupitia chama chao. Jibu lilikuja pamoja na picha. Msichana yule aliandika kwamba amesamehe, kwamba tangu aanze kucheza hakuna aliyewahi kumwomba radhi uwanjani, na kwamba anaomba kujua vile vitu vya pembe tatu vilivyomwagika kutoka kwenye mkoba vinapikwaje, kwa sababu kimoja kiliingia kwenye glovu yake na akakila.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tuna maombi matatu.

Kwanza, mtangazaji afundishwe kutamka "Rosine".

Pili, chupa zetu za chai zisinyang'anywe mlangoni.

Tatu ni hili. Daktari amesema goti la Rosine limefika mwisho. Leo saa kumi na moja anavaa jezi ya taifa kwa mara ya mwisho, akiwa na miaka ishirini na minne. Tunaomba mama yake asisimuliwe mechi hii mlangoni.

Bwana Abdulnasir alishauri tuandike kwamba Mama Rosine anajutia yote aliyofanya, kwa kuwa risala hupendeza ikiwa na majuto. Tulimuuliza kwanza. Alikuwa anakaanga ndizi. Alisema, "Kwa yule mutoto niliomba radhi, na ningeomba tena. Kwa kukimbilia wangu, musiandike kitu. Mukiandika najuta, nitasimama palepale nikatae."

Kwa hiyo hatukuandika.

HITIMISHO

Mungu akupe afya, akulindie mitambo isizimike wala barafu isiyeyuke, na akupe moyo mwepesi kati ya sasa na saa kumi na moja. Chakula kiko tayari.

Ni sisi,
Umoja wa Washangiliaji wa Rosine, Nechells na Aston

Nyongeza ya katibu, kwa ajili ya faili:

Mgeni rasmi alisimama, akafuta miwani, akasema, "Kwa hivyo hii maneno yote ya parking ilikuwa uongo?" Tukamsogezea sahani. Akasema adhabu imekwisha, lakini Mama Rosine atakaa mstari wa kumi na mbili, na Gedi akae kando yake.

Tulifungwa matatu kwa mawili. Katika kipindi cha pili Rosine alimbana mpinzani ukutani kwa bega, wakaanguka wote wawili. Mama Rosine akasimama. Gedi akasimama. Sote tukasimama, na Bwana Abdulnasir akafumba macho.

"Rosine!" Mama akapaza sauti, mkono umenyooka kuelekea kwenye kibanda. "Dakika mbili! Nimeona!"

Rosine akajiinua, akatazama juu mpaka mstari wa kumi na mbili, akaenda mwenyewe kukaa kibandani kabla refa hajapuliza filimbi.