Nilivyovuliwa Aibu Nyuma ya Jukwaa la Mavazi

Bwana Yesu apewe sifa! Apewe sifa na walioketi mbele na walioketi nyuma, maana wote anawaona!

Ndugu zangu, naitwa Sechelela. Sisi Wagogo tunajua jina hilo maana yake ni kufurahi, na kwa miaka mingi niliona haya hata kuitwa. Mama mchungaji alinishauri haya niyaseme kwa akina mama peke yao, siku ya Alhamisi, mlango ukiwa umefungwa. Alinihurumia, nami nilikuwa nimekubali. Lakini nikawaza, wenye nguvu za kunibeba mpaka hospitali siku ile ya uchungu wangu walikuwa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyejua kuna hatari gani. Basi na akina baba wasikie. Nikiangalia chini wakati nazungumza msidhani nimesahau maneno. Ni aibu tu, bado ninayo.

Niliolewa Bahi nikiwa binti mdogo. Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza ulinikuta majaruba ya mpunga yamejaa maji na njia imekatika. Mama mkwe alisema mimba ya kwanza huchelewa, tusubiri. Tukasubiri. Nilipoanza kupoteza fahamu ndipo waliponilaza juu ya kitanda cha kamba na kunivusha kwenye maji, lakini tulipofika mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Alikuwa wa kiume. Nilimwona mara moja, amefunikwa kitenge.

Siku chache baadaye niliamka kitanda kimelowa. Nikadhani ni jasho la homa. Ndugu zangu, ulikuwa mkojo, na haukukoma! Ulitoka nikilala, ulitoka nikitembea, ulitoka nikiwa nimepiga magoti naomba. Sikuusikia ukija. Nilikuwa naona tu nguo imelowa.

Mume wangu alivumilia msimu mmoja. Halafu akasema, "Sechelela, nenda kwenu upone kwanza, nitakuja kukuchukua." Hakuja. Nyumbani kwetu wengine walisema nimelogwa, wengine walisema nimezini. Nilipelekwa kwa waganga, nikachanjwa, nikanyweshwa mizizi. Nikienda kanisani watu walisogea. Hakuna aliyenifukuza, nisiwasingizie. Walisogea tu, nikabaki na benchi zima peke yangu.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akikaa hapa mjini, Miyuji. Alikuja kijijini kwenye msiba wa jamaa, akaniona, akanichukua bila kumwuliza mtu. Kwake kulikuwa na cherehani kuukuu ya mkono, na mimi kushona nilikuwa nimefundishwa na akina mama wa kanisa tangu usichana. Ilikuwa ile miaka maduka yalipoanza tena kujaa vitu na mitumba ikamwagwa sokoni kama mchanga. Kila mtu alitaka suruali ya Mzungu ipunguzwe, gauni la Mzungu lifupishwe.

Karibu na soko alikuwepo mama mmoja Mrangi wa Kondoa, Mama Zuhura, mwenye cherehani kadhaa barazani. Shangazi alimwendea akamwambia, "Nina mtoto anajua sana kushona kwa mkono, ila ni mgonjwa, hawezi kukaa na watu." Mama Zuhura hakuuliza ugonjwa gani. Alianza kumpa shangazi kazi aniletee: mapindo, vifungo, shanga za magauni ya harusi. Nilifanya kazi yake muda mrefu bila yeye kuniona zaidi ya mara chache, nimesimama mbali, namwamkia shikamoo na kuondoka. Chumbani nilikuwa na nailoni kitandani na matambara yaliyofuliwa na kuanikwa ndani, yasionekane na majirani. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, nami nilishayazoea. Niliona haya kumwomba Mungu uponyaji. Nilimwomba kufa.

Basi wabunge walikuwa mjini kwa vikao vyao, na mama mmoja mbunifu wa mavazi akaja kutoka Dar es Salaam na wasichana wake kufanya maonyesho ya mitindo kwenye ukumbi wa hoteli. Wote walimwita Madam. Mji wetu ulikuwa haujazoea mambo hayo! Madam alihitaji mafundi wa kukaa nyuma ya jukwaa, nguo ikilegea wakaze, ikichanika washone. Akamwajiri Mama Zuhura, na Mama Zuhura akaja mwenyewe Miyuji.

"Sechelela, mwanangu, kwenye shanga sina mwingine. Ni jioni moja tu. Njoo."

Nilitaka kukataa. Lakini huyu ndiye aliyekuwa anatulisha, mimi na shangazi. Na nitasema ukweli mbele za Mungu, nilitamani kwenda. Nilitamani kuziona zile nguo zikiwa mwilini mwa watu.

Tangu siku iliyotangulia sikunywa maji. Nilijifunga matambara, nikafunga nailoni juu yake, nikavaa sketi nyeusi nzito, nikajipaka marashi mpaka shangazi akakohoa. Nikaweka nia kwamba sitaketi popote. Nitasimama au nitapiga magoti.

Chumba cha kuvalia kilikuwa kidogo, kina joto la pasi na taa za kujipodolea. Wasichana wanaingia mbio, wanavua, wanavaa, wanatoka mbio, na ukumbini watu wanapiga makofi. Sisi mafundi tuko chini miguuni mwao na pini midomoni. Ndugu zangu, nilifurahi! Nilisahau nani mimi. Msichana mmoja mrefu, Vaileti, nilimwekea sawa shanga zilizokatika begani, akanishika mkono akasema, "Dada, asante, umeniokoa." Alikwenda akaniletea soda baridi. Nilikuwa na kiu ya tangu jana. Nikainywa yote.

Nguo ya kufungia maonyesho ilikuwa gauni jeupe la harusi, refu, lenye mkia wa kuburuta. Vaileti ndiye wa kulivaa. Alipolijaribu, zipu ikaachia mgongoni. Madam akapiga kelele, Mama Zuhura akanisukumia kigoda. "Kaa mwanangu, ushone vizuri, muda upo."

Nikakaa. Gauni likanijaa mapajani, mkia wake umelala chini kuzunguka kigoda. Nilishona kwa moyo wote. Nilipokata uzi nikanyanyua uso kwa furaha, nikamwambia Vaileti, "Tayari, dada."

Akalichukua. Alipoliinua, mkia wake ulikuwa umelowa, una rangi ya manjano. Akaunusa kidogo, akalitupa gauni chini.

"Mama yangu! Nani amekojoa? Kuna mtu amekojoa hapa!"

Chumba chote kikageuka. Mimi nimekaa, siwezi kusimama, maana chini ya kigoda palikuwa na dimbwi. Msichana mmoja akacheka. Mwingine akaziba pua, akafungua dirisha. Nje muziki unaendelea. Madam alinitazama, akatazama gauni lake, akasema kwa sauti ndogo, "Mwondoeni huyu." Angenipigia kelele ingekuwa nafuu.

Jamani, aibu ile siwezi kuieleza. Kwa miaka yote niliificha sehemu moja ya mwili wangu, na sasa ilikuwa imeandikwa kwenye nguo nyeupe, mbele ya wasichana wazuri wa mjini.

Mama Zuhura hakuwa anajua. Nilimwona usoni jinsi alivyokuwa anaunganisha mambo: kwa nini sikai na watu, kwa nini nasimama mbali. Alivua mtandio wake, akabaki kichwa wazi, mama yule mwenye heshima zake, akainama.

"Simama, mwanangu. Simama nikufunge."

Akanifunga kiunoni, akanitoa kwa mlango wa jikoni, akaniketisha kwenye kreti uani wanapooshea masufuria. "Nisubiri hapa," akasema, akarudi ndani kuwasimamia mafundi wake.

Pale uani nilisema na Mungu maneno mabaya. Sitayarudia madhabahuni. Mwisho wake nilisema, "Bwana, umeniweka uchi. Sasa maliza. Nichukue." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu. Haikuwa na imani hata kidogo.

Mlango ukafunguka. Akatoka Vaileti, uso umejaa vipodozi, amejifunga kanga kifuani. Nilijikunja nikidhani amekuja kunitukana. Akachuchumaa mbele yangu na viatu vyake virefu.

"Dada, ulijifungua kwa shida?"

Nikavuta mtandio kufunika magoti.

"Mtoto alikufa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaanza kulia, rangi za macho zikamshuka mashavuni.

"Nisamehe. Nimepiga kelele kama mjinga, na nyumbani kwetu mambo haya tumeyaona. Dada yangu wa tumbo moja alikuwa hivi hivi. Tulikuwa tunamfungia chumbani wageni wakija. Dada, ni ugonjwa. Njia ya mkojo imetoboka wakati wa uchungu. Unafanyiwa upasuaji, panazibwa. Dada yangu ameponyeshwa, sasa hivi ni mkavu."

Ndugu zangu, sikuwahi kusikia neno hilo. Ni ugonjwa! Siyo laana, siyo uzinzi, siyo mkosi wa ukoo wetu! Nililisikia kutoka kwa yule yule aliyenitangaza mbele ya watu.

Lakini msidhani niliamka na kushangilia. Sikumwamini. Nilirudi Miyuji nikajifungia, shangazi sikumfungulia mlango hata alipoleta chakula. Maonyesho yalikwisha bila gauni la harusi. Madam hakumpa tena Mama Zuhura kazi, na mjini hadithi ikaenea, wateja wengine wakasema nguo za pale zinanuka. Niliyajua hayo yote, na aibu yangu ikazidi, maana sasa haikuwa yangu peke yangu.

Mama Zuhura akaja. Alisimama nje ya mlango wangu akabisha mpaka nikafungua.

"Shikamoo, Mama," nikasema, nikaanguka miguuni pake. "Nisamehe gauni. Nisamehe kazi yako."

"Marahaba. Gauni limefuliwa, limetakata. Sasa twende tukakutazame wewe. Yule binti ameniachia maelekezo, na dada yake atatupokea stesheni, atupeleke hospitali."

"Kwenye treni nitanuka, Mama."

"Basi tutanuka," akasema. "Funga vitu vyako."

Alifunga baraza lake, mama wa watu, akapanda na mimi treni ya Dar es Salaam. Abiria walinung'unika, kama nilivyojua watanung'unika. Kila mmoja aliyegeuka kututazama, yeye alimwamkia kwa adabu mpaka mtu akageukia dirishani.

Dada yake Vaileti alitupokea, amebeba mtoto mgongoni. Nitawaambia jambo la kijinga: sikumtazama usoni. Nilimtazama nyuma ya sketi yake. Ilikuwa ya rangi ya krimu, na ilikuwa kavu. Nililia palepale stesheni.

Kule hospitali kulikuwa na wodi nzima ya wanawake kama mimi. Wodi nzima! Wa kusini, wa kanda ya ziwa, wasichana wadogo, na mama mmoja mwenye mvi aliyevuja tangu ujana wake. Kila mmoja wetu alikuja akidhani yuko peke yake duniani. Daktari alinipima, akasema, "Hii tunaweza." Maneno mawili tu.

Nilifanyiwa upasuaji, nikakaa na mpira wa mkojo muda ulioamriwa. Ulipotolewa niliogopa kulala. Alfajiri nilipapasa shuka chini yangu. Nikapapasa tena. Kavu! Nikamwamsha mwenzangu wa kitanda cha pili, nikamwambia, "Hebu gusa na wewe, nisije nikawa naota." Akagusa. Tulipiga kelele mpaka nesi akaja mbio. Jina la Bwana libarikiwe!

Ndugu zangu, mume wangu hakurudi, ameshaoa. Mtoto sijapata. Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Mama Zuhura amebaki katika dini yake, na kila Ijumaa namshukuru Mungu kwa ajili yake. Wapo walioniuliza, kwa nini Mungu amtume Mwislamu na binti wa mitindo, wakati sisi waombaji tupo? Mimi simfundishi Mungu nani wa kumtuma. Najua tu kwamba nilipoomba kufa alinijibu kitu kingine.

Na aibu, kama nilivyosema, bado ipo. Usiku uliopita niliwaza niseme naumwa, nisije. Lakini najua miongoni mwetu, hapa au vijijini tulikotoka, kuna binti ambaye sasa hivi anaanika matambara ndani. Huenda ni dada yako. Huenda ni mke uliyemrudisha kwao ukisema utamfuata. Mfuateni! Hospitali zipo, na madaktari wa kuziba tundu lile wapo. Mama mjamzito akipitisha mchana na usiku katika uchungu, msiseme tusubiri. Mbebeni!

Na wewe dada, kama ni wewe, sikuombi unyooshe mkono mbele za watu. Mimi nisingenyoosha. Mtegemee Yesu, hata kwa sala mbovu kama ile yangu, anaipokea. Halafu nitume mtu, au pita nyumbani kwangu jioni, kwa mlango wa nyuma ukitaka. Hutahitaji kunieleza chochote. Nitafunga vitu vyangu, tutaondoka pamoja.

Yeye aliyeniona nikiwa nimelowa, akaniita binti yake, sifa na utukufu ni vyake milele. Amina.