Ndege Mia Moja wa Leodegar Aristides Massawe (1957–2025)

Ndugu, majirani na wafanyabiashara wenzetu wa Kariakoo, kabla mwili haujaanza safari ya Kibosho kesho alfajiri, familia imeniomba mimi Josepha, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha yake. Nimeambiwa nisome kwa kifupi. Wanaonijua nawaona wameshaanza kutabasamu.

Kaka yetu Leodegar alizaliwa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, tarehe 2 Oktoba 1957, mtoto wa kwanza wa mzee Aristides Massawe na mama Severa. Padri alitazama kalenda ya watakatifu, akakuta siku ile ni ya Mtakatifu Leodegar, mjadala wa jina ukaishia hapo. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari mjini Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Jiografia alikuwa anaiweza sana. Kuimba hapana, kwaya ilimrudisha nyumbani mara mbili.

Mwaka 1977 alikuja Dar es Salaam kumsaidia mjomba dukani. Mwaka 1988 akafungua duka lake mwenyewe la jumla, la sufuria na ndoo, Mtaa wa Mkunguni. Sheria yake wafanyakazi wake wote mliopo hapa mnaikumbuka: mzigo ukishushwa, unahakikiwa na watu wawili. Macho ya mtu mmoja hayatoshi, hata kama ni ya bosi.

Tarehe 14 Septemba 1985 alifunga ndoa na wifi yangu Candida, na Mungu akawajalia Benedict, Rachel na Caroline. Umebaki mwezi mmoja tu watimize miaka arobaini. Wifi, pole sana. Ulimtunza vizuri, na sisi wa upande wake tunakushukuru mbele ya watu.

Kisukari kilimpata mwaka 2009. Novemba 2023 figo zikashindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Daktari akamwambia siku zilizobaki ajitahidi kutembea. Kaka akasema kutembea bila shughuli ni uzururaji. Akanunua darubini ya mtumba na kitabu cha picha za ndege, akatangaza dukani kwamba kuanzia tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba 2024 ataona aina mia moja za ndege, na hatatoka nje ya mji: Kariakoo, Jangwani, Upanga, Posta, Feri, mwisho Magogoni. Na kila ndege lazima aonwe na mtu wa pili.

"Ni mzigo huu," alisema, "lazima uhakikiwe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Kaka, hapa kuna kunguru na mwewe. Hao wawili. Tisini na nane utawatoa wapi?"

Jamani, aliwatoa! Mtu wake wa pili mara nyingi alikuwa Bwana Muhiddin, muuza vitambaa wa duka la jirani, ambaye leo amekaa nasi mstari wa mbele. Walisimama daraja la Jangwani wakitazama yangeyange matopeni. Kule Feri wakaanga samaki waliwazomea: "Wazee wetu, samaki wako huku, huko juu mnatafuta nini?" Haukupita muda, wakaanga samaki wale wale wakawa wanampigia simu: "Babu, kuna mgeni kwenye nguzo, mdomo mrefu, njoo fasta!" Mtu aliyekaa nyuma ya kaunta miaka thelathini na tano akawa anasalimiwa mpaka Magogoni.

Oktoba akatimiza mia. Akachinja mbuzi, mtaa mzima tukala. Wiki mbili baadaye, akipekua kitabu, akagundua kwamba chozi wake wawili, wale ndege wadogo wanyonya maua, yule anayemeta na yule wa rangi ya vumbi, ni dume na jike wa aina moja. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akapita duka kwa duka: "Samahani jamani. Mbuzi mmekula, lakini ni tisini na tisa."

Huyo mmoja akakosekana. Desemba ikaingia na nguvu zikapungua. Kwa mara ya kwanza hakupanda Kibosho kwa Krismasi. Na hapa, ndugu zangu, nina jambo la kukiri.

Kaka alikuwa hajamwona bundi, na bundi alikuwepo. Tangu Julai aliishi darini, juu ya stoo ya kaka mwenyewe, kunakofikiwa kwa ngazi ambazo miguu ya kaka ilikuwa haiziwezi tena. Makuli walijua, wifi alijua, Bwana Muhiddin alijua, na aliyewaapisha wote wanyamaze ni mimi. Mgonjwa atazamane na bundi? Uchuro ule! Bwana Muhiddin aliniambia, "Dada Josepha, bundi ni kiumbe wa Mungu tu. Lakini kaka ni wako, nitanyamaza."

Jumatatu, tarehe 30 Desemba, nilimkuta kaka dukani, darubini mapajani, amechoka. Akasema, "Tisini na tisa si haba. Namshukuru Mungu." Alisema kwa moyo mweupe, na mimi nikashindwa.

"Kaka, bundi yupo."

"Wapi?"

"Darini kwako."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba."

Nilisubiri matusi. Alicheka mpaka akakohoa. "Miezi sita mmenificha bundi ndani ya stoo yangu! Haya, nishike mkono. Na utakayehakiki ni wewe."

Tulipumzika mara tatu kwenye zile ngazi. Nilikuwa nimejifunika khanga usoni. Akanifunua mwenyewe. Yule ndege alikuwa kwenye boriti, uso mweupe kama umepakwa unga, anatutazama. Kaka akavua kofia. "Shikamoo, bibi," akasema. Kisha akanigeukia: "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Sema kwa sauti."

"Nimemwona, kaka! Ni mia!"

Alilia, nami nikalia. Nilikuwa nimemnyima kwa sababu ya kumpenda, na hakunilaumu hata siku moja.

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Wanaonong'ona huko nyuma nawasikia. Ni figo, si bundi. Baada ya siku ile ya darini kaka aliishi miezi saba na nusu, na sikumwona na furaha kama ile tangu tukiwa watoto. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia, wakaanga samaki wa Feri, na wote mliosimama naye mkatazama juu.

Marehemu ameacha mjane, Candida, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, mimi, na Bwana Muhiddin, ambaye kwenye orodha ya ndugu tumemwandika bila kumuuliza.

Bundi bado yupo darini. Jana kuli mmoja alipanda na fimbo ili amfukuze msibani. Nilisimama mlangoni mwa stoo, mimi Josepha, nikamwambia ashuke.

Kaka Leodegar, umetembea vya kutosha. Keti sasa, Mungu akupumzishe kwa amani.