Mzee Hebu na Mstari wa Saba

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mkuu wa Ukaguzi wa kampuni yetu ya michezo ya kompyuta atazima mashine yake na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita na miezi minne. Nimeombwa niandike ukurasa wake katika kijitabu hiki cha sherehe, na nimeambiwa uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi. Aliyenipa kazi hii hakujua kwamba tangu Jumatano sina usingizi, na asiyelala hachangamshi watu sana.

Jina lake kamili wanalo watu wa utawala. Sisi wengine tunamwita Mzee Hebu, maana hajawahi kulimaliza jambo bila kusema hebu tuone tena. Mhandisi akija anaapa kwamba gemu imekamilika, hebu tuone tena. Mpishi wa kantini akisema chai imeisha, hebu tuone tena, na mara mbili imekutwa ipo.

Hakuja hapa kuomba kazi. Alikuja kutengeneza feni. Wakati huo alikuwa fundi umeme, na feni ya chumba cha wahandisi ilikuwa ikipiga kelele utadhani inakoroga kokoto. Akisubiri gundi ikauke, alikaa kwenye kompyuta iliyoachwa wazi, akaicheza gemu yetu ya kwanza kwa saa mbili nzima. Alipoondoka aliacha karatasi mbili: moja ya feni, nyingine yenye kasoro kumi na nne za gemu, kila kasoro na maelezo ya namna inavyotokea. Mkurugenzi wa enzi zile aliisoma hiyo ya pili, akatoka mbio kumfuata getini. Feni yenyewe, kwa taarifa yenu, bado inapiga kelele.

Chumba chetu cha ukaguzi kinaitwa Wodi, kwa sababu kimejaa kompyuta zilizochoka, thelathini na nane kwa hesabu ya juzi. Alizikusanya mwenyewe kwa majirani, mashuleni na kwenye ofisi zilizokuwa zikihama. Kongwe kuliko zote inaitwa Bibi. Mfuniko wake umefungwa kwa lastiki ya suruali, na huchukua dakika kumi na moja kuamka. Mfanyakazi mpya huamriwa aiwashe, aiamkie shikamoo, kisha asubiri. Ikilia mlio mmoja, hiyo ndiyo marahaba. Siku yangu ya kwanza niliiamkia mara sita, kwa adabu zote na magoti yamekunjwa, kabla ya kugundua kwamba wenzangu wako nyuma ya kabati wanakufa kwa kucheka.

Lakini Bibi hakuwa mzaha. Kanuni ya Mzee Hebu ni kwamba gemu isiyochezeka kwa Bibi haitoki hapa. Alikuwa akisema kwamba kuna mtu ana kompyuta aliyoachiwa na shangazi yake, hana nyingine, naye ni mchezaji kama wachezaji wengine. Mwaka tulipotoa Msafara, ile gemu ya malori yanayovuka mlima kwa pamoja ambayo imelisha nyumba nyingi za waliokaa humu ukumbini, malori yakifika kwa Bibi yalipanda juu ya paa la kituo cha mafuta na kukataa kushuka. Mabango yalikuwa yameshachapishwa. Mkurugenzi alimsihi, akamkaripia, akamsihi tena. Mzee akaendelea kunywa chai yake. Tulichelewa siku kumi na tisa, na malori yakashuka.

Mimi mwenyewe ni zao la ukaidi huo. Nilikuwa karani wa duka la fotokopi, na saa ya chakula nilikuwa nafungua mafaili ya Msafara kwenye kompyuta ya dukani, kongwe kama Bibi, na kuyachokonoa. Nikaing'oa barabara yao nikaweka ya mtaani kwetu, na mashimo yake yote, na ule mtaro uliommeza mjomba harusini kwa binamu. Katika kuchokonoa nikakuta kasoro kwenye breki. Nikaandika barua kwa kampuni, nikingoja polisi. Yakaja majibu ya Mzee Hebu: mashimo yako ni mazuri kuliko yetu, njoo Jumatatu. Ndiye aliyenipa jina la Kunguru, kwa ule msemo kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Ni kweli, mimi ni mwoga. Paka akiangusha sufuria, mimi niko mlangoni na viatu nimevaa.

Sasa nimfikie mtu ambaye siku ya sherehe mtamwona mstari wa mbele, kwenye kiti cha magurudumu. Huyo ni Da' Mkubwa, dada yake Mzee Hebu wa tumbo moja. Alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea mdogo wake walipobaki wawili; sare zote alizosomea Mzee zilitoka mkononi mwake. Miaka tisa iliyopita alipatwa na kiharusi. Mikono yote miwili ikalala, ulimi ukawa mzito, na kilichobaki kikimtii ni mguu wa kulia. Kwa miezi minane alikuwa anatazama ukuta.

Mdogo mtu akaichukua pedali ya cherehani yake ileile, akaifunga juu ya springi ya kiti kibovu ili iweze kulalia kushoto na kulia, akaiunganisha na kompyuta. Vidole vya mguu ni mafuta, kisigino ni breki, ukiinamisha mguu lori linakata kona. Kisigino kikigongwa haraka ni honi, kikigongwa kisha kikabaki chini honi inarefuka. Kompyuta haikuuliza hiki ni kitu gani na kimetengenezwa na nani. Ikakipokea. Siku ya kwanza Da' Mkubwa aliliingiza lori mtoni mara ishirini na mbili, na kila likizama alikuwa anacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau.

Leo hakuna mchezaji wa Msafara asiyemjua. Wanamwita Bi Cherehani, na wengi hawajui kwamba hana mikono ya kushikia usukani. Ndiye huongoza misafara kwenye ule mteremko mbaya, kwa sababu mguu uliozoea kushona shingo za gauni haukurupuki. Hasemi neno. Honi mbili, nifuateni. Honi moja ndefu, simameni. Malori arobaini yanatii.

Pedali ya pili Mzee aliitengeneza kwa ajili ya Wodi, na hapo ndipo alipozuiwa getini saa nzima na mlinzi aliyeona waya zinaning'inia kwenye mfuko. Mlinzi alitaka maelezo, akapewa maelezo, akataka kuonyeshwa, akaonyeshwa; siku hizi naye ana lori lake, na ni mkorofi barabarani kuliko wote. Kisha Mzee akaongeza mstari wa saba kwenye fomu yetu ya ukaguzi: Je, inachezeka kwa kifaa ambacho mchezaji amejitengenezea? Mkurugenzi wa zamani akaupitisha. Tangu hapo hakuna kilichotoka humu bila "ndiyo" kwenye mstari huo.

Ningependa kuishia hapo, tupige makofi, tukate keki. Siwezi.

Mwaka huu kampuni yetu ilitia saini mkataba na wenye Sanduku. Kwa wageni wetu, Sanduku ni kile kifaa cheusi cha kuchezea gemu kinachochomekwa kwenye televisheni. Ni kizuri, sikatai. Kina kasi na hakipati joto. Ila kimefungwa pande zote. Huwezi kuyafungua mafaili ukaweka mtaa wenu, na hakipokei chochote isipokuwa pedi yake yenyewe, ya kushikwa kwa mikono miwili. Mkataba unasema kuanzia Jumatatu Msafara utachezwa ndani ya Sanduku tu. Kwenye kompyuta utazimwa, hata kwa mtu aliyekwisha kuununua. Karani mwingine wa fotokopi, huko aliko, hatapata tena pa kuchokonoa.

Hofu imeingia ofisini na kuvuta kiti. Milango iliyokuwa wazi sasa inataka kadi. Kompyuta kumi na mbili za Wodi zimebandikwa karatasi nyekundu, maana yake zitaondolewa, na kila asubuhi kabla sijaweka mkoba chini nakimbilia kumtazama Bibi kama naye kabandikwa. Kantini watu wananong'ona, na mtu akipita wananyamaza, hata akiwa ni mpishi.

Wiki tatu zilizopita, sasisho la programu la kuufunga Msafara kwenye kompyuta liliteremshwa Wodi kukaguliwa. Hakuna aliyekusudia. Ni utaratibu tu, na hakuna aliyekumbuka kuufuta. Watu wa seva hawatoi sasisho lolote bila fomu yenye saini ya Mkuu wa Ukaguzi kwa wino wa kijani. Waliwahi kutoa moja bila fomu, wakasemwa mpaka wakakoma. Na fomu yenye "hapana" hata moja haitiwi saini.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alimwasha Bibi, tukasubiri zile dakika kumi na moja, akaufungua Msafara. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika kwamba kifaa hiki hakikubaliki. Akavua kiatu, akaweka mguu kwenye pedali. Maneno yaleyale. Akaandika "hapana" mstari wa kwanza, ule unaouliza kama gemu inachezeka kwa Bibi, akaandika "hapana" mstari wa saba, kwa ule mwandiko wake mzuri, na pa saini akapaacha patupu. Kisha akabaki amekaa, mguu juu ya pedali, hakanyagi. Mimi nilikwenda kulia chooni. Nimeambiwa nitaje matukio ya kazini, na hilo ni tukio.

Mkurugenzi wa sasa amekuja Wodi mara nne tangu siku hiyo. Kila mara amejibiwa hebu tuone tena, na kila mara Mzee amekagua upya, mashine thelathini na nane, bila haraka. Lakini umri wa kustaafu hauambiwi hebu tuone tena. Ijumaa ikakaribia kwenye kalenda, na Jumatano nikaletewa barua: kuanzia Jumatatu mimi ni Kaimu Mkuu wa Ukaguzi. Nilifurahi kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu kimoja. Halafu nikaelewa fomu ile inakuja mezani kwa nani.

Nilimfuata Mzee nikamwomba aniambie la kufanya. Nilimwambia nina mama na wadogo zangu wawili wanaonitegemea, na kwamba walioweza kumvumilia yeye miaka ishirini na sita hawatanivumilia mimi siku mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema macho sasa ni yangu, na kwamba hatanilaumu kwa lolote. Laiti angeniamrisha. Halafu akaenda kuosha kikombe chake.

Da' Mkubwa anajua. Wachezaji walimwambia. Juzi nilikuwa kwenye msafara wake, lori la kumi na moja, tukipanda mlima malori arobaini na matatu. Katikati ya njia, mahali pasipo na hatari yoyote, akasimama. Akapiga honi moja ndefu. Sote tukasimama nyuma yake, injini zinanguruma. Tulikaa pale robo saa. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yangu miwili mizima, na niliona haya.

Sasa nawaambia ukweli, ndugu wafanyakazi na wageni wetu. Naogopa. Najua fomu ni karatasi, na karatasi inaweza kuchanwa. Najua wanaweza kumleta mtu mwingine asiyetetemeka akatia saini kabla ya saa sita. Lakini mwoga naye ana hila zake. Kijitabu hiki kinachapwa leo Alhamisi, na katibu amekiri hana nafasi ya kukipitia, Mungu amzidishie kazi. Kesho mtakuwa mnakisoma nyote, na Mkurugenzi akiwemo. Nimeyaandika haya hadharani makusudi, ili Jumatatu nikitaka kukimbia nisipate pa kupitia. Mstari wa kwanza ni hapana. Mstari wa saba ni hapana. Mimi sisaini.

Mzee Hebu, ahsante. Umetufundisha kwamba gemu ni ya anayeicheza, na kwamba yeyote tusiyemwona naye yupo. Ahsante kwa kunitoa dukani, kwa chai ulizonigawia na kwa makaripio ambayo hayakuwahi kupita saa moja. Tunakuombea uzee wa afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na feni isiyo na kelele, ambayo kwa hakika itabidi uitengeneze mwenyewe. Da' Mkubwa, Jumatatu saa tatu asubuhi, kabla sijaitwa huko juu, nitakuwa nyuma yako, lori la kumi na moja. Nipigie honi mbili.

Na wewe Mzee, ukifika nyumbani, kagua mfuko wa kushoto wa koti lako. Ile kalamu ya wino wa kijani uliyoiacha juu ya meza yangu bila neno, utaikuta humo. Nimekurudishia. Usiseme hebu tuone tena.